Taabu ya Mkalimani Kando ya Mto Mosel

Kabla sijaendelea mbali, nawaomba radhi wasomaji ambao dini au nadhiri zao zinawakataza kileo. Sikuandika makala haya ili kumshawishi mtu anywe. Ninalotaka kusimulia ni makosa mawili niliyoyatenda kwa ulimi wangu mwenyewe, katika muda wa alasiri moja, mbele ya mzee mmoja wa Kijerumani na mwanawe. Na kwa kuwa makosa hayo yalizaliwa na maneno mawili ambayo kila mmoja wetu huyafundisha katika majuma ya kwanza ya darasa la wageni, yaani tamu na kavu, nimeona si vibaya kuyaleta mbele ya walimu wenzangu.

Rwanda, nchi yangu, ina udugu wa siku nyingi na jimbo la Rheinland-Pfalz huko Ujerumani. Udugu huo ulianza mwaka 1982, na walimu, wanafunzi na mafundi wengi wamekwenda na kurudi kwa sababu yake. Mimi ni mmoja wa waliofaidika nao: nilipokuwa kijana nilikaa miaka miwili katika mji wa Mainz, nikajifunza Kijerumani cha kunitosha kununua mkate na kugombana na mwenye nyumba. Basi mwishoni mwa Septemba 2017, tulipokuwa huko walimu sita wa Kiswahili, wawili kutoka Rwanda, wawili kutoka Burundi, mmoja kutoka Bukavu na mmoja kutoka Uganda, mimi ndiye niliyetwishwa kazi ya ukalimani. Tulikuwa na furaha ya pekee, maana mwaka huo huo Bunge la Rwanda lilikuwa limepitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kila tulikokwenda nilijiona kama balozi. Balozi, kama mtakavyoona, alijikwaa.

Siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka kwa mkulima wa zabibu kando ya mto Mosel. Mto huo hauendi moja kwa moja hata kidogo. Hujipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na katika kila pindo upande mmoja huwa ukuta wa mlima uliopandwa mizabibu kutoka majini hadi kileleni. Sisi wa Rwanda tumezoea kulima miteremko, lakini nakiri kwamba mingine ya huko inatisha. Kuna mlima uitwao Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, ambao ukisimama chini yake huna budi kushika kofia ili uuone wote. Trekta haipandi huko. Kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake, na wavunaji, wengi wao wageni kutoka Poland na Romania, hupanda na kushuka na ndoo zao wakiegemea mlima kwa goti.

Nilimwuliza mwenyeji wetu kwa nini watu wajitese hivyo ilhali kuna mashamba tambarare. Akaokota kibapa cha jiwe jeusi, akanipa. Kilikuwa cha moto. Ni jiwe la sleti, lile lile lililotengenezewa vibao vya kuandikia katika shule za zamani. Udongo wa huko ni vipande vya jiwe hilo vitupu. Mchana linakunywa jua, usiku linalirudisha kwa mizizi na vishada. Mteremko nao hulipokea jua uso kwa uso, na maji ya mto huakisi lililobaki. Nchi hiyo iko karibu nyuzi 50 kaskazini ya Ikweta, na zabibu isiposaidiwa na jiwe, mlima na maji pamoja, haiivi. Nikakumbuka Dodoma, ambako wakulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Huku hupata mavuno mamoja tu, nayo kwa kubahatisha. Mwaka tuliokwenda, baridi kali ya usiku mwishoni mwa Aprili ilikuwa imeunguza machipukizi, na mashamba mengine yalikuwa na majani mengi kuliko matunda.

Zabibu yenyewe huitwa Riesling. Ni nyeupe, ndogo, na inachelewa sana kuiva. Jina lake linaonekana katika hati ya hesabu ya mwaka 1435, katika orodha ya vitu vilivyonunuliwa kwa ajili ya mtawala mmoja wa huko. Na mwaka 1787 askofu mkuu wa Trier, Clemens Wenceslaus, aliyekuwa pia mtawala wa nchi hiyo, aliwaamuru watu wang'oe mizabibu duni na kupanda iliyo bora, amri iliyoifungulia Riesling njia. Huko kuchelewa kuiva ndiyo siri yake. Katika nchi ya joto, jua huongeza sukari ya tunda upesi na papo hapo hula ule ukali wake wa asili. Katika nchi ya baridi sukari huja polepole, siku baada ya siku hadi Oktoba na hata Novemba, na ukali haupati wa kuula. Tunda linafika kwenye kikapu likiwa limebeba vyote viwili.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu baba yangu, aliyekuwa mtengenezaji wa urwagwa. Wale wasiotoka pande zetu wajue kwamba urwagwa ni pombe ya ndizi. Ndizi hufukiwa shimoni ziive kwa joto, kisha humenywa na kukamuliwa kwa majani makali hadi zitoe maji matamu, nayo hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa. Maji yale kabla hayajachacha huitwa umutobe, nasi watoto tuliruhusiwa kuyanywa siku ya kwanza tu. Siku ya pili baba aliyaonja kwa ncha ya ulimi na kututazama kwa jicho la kukataza. Nilijua tangu utoto, bila ya kufundishwa kemia, kwamba kuna kitu ndani ya chungu kinachokula sukari na kuacha kileo, na kwamba kadiri nguvu inavyopanda ndivyo utamu unavyokufa.

Mvinyo wa Riesling hauna elimu nyingine zaidi ya hiyo. Ukiiacha chachu imalize kazi yake, sukari karibu yote hugeuka kileo, na mvinyo huwa na nguvu ya asilimia 12 au zaidi kidogo. Huo Wajerumani huuita trocken, yaani mkavu. Ukiisimamisha chachu katikati, kwa kuutia mvinyo baridi kali na kuuchuja, sukari fulani hubaki. Nguvu yaweza kuwa asilimia 8 tu, na mvinyo huwa na utamu wa tunda. Kati ya ncha hizo mbili kuna ngazi nyingi. Sheria yao ya mwaka 1971 imezipa majina kufuatana na uzito wa maji ya zabibu siku ya kuvunwa, kuanzia Kabinett, iliyo nyepesi, kupitia Spätlese, maana yake mavuno ya kuchelewa, na Auslese, yaani vishada vilivyochaguliwa, hadi mivinyo adimu kabisa ambayo nitaieleza mahali pake, kwa kuwa ndiyo iliyonifedhehesha.

Tuliketi katika chumba cha chini ya ardhi, mezani, mzee upande mmoja na mwanawe upande wa pili. Mzee alikuwa amepita miaka 75, mwana amekaribia 40. Tulipokuwa tukipanda mlimani mwana alikuwa amenieleza kwa faragha ugomvi wao. Baba ni mtu wa mvinyo wa sukari. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Lakini katika ujana wa huyo baba, wafanyabiashara walipeleka ng'ambo mvinyo mwingi wa bei rahisi, sukari tupu isiyo na roho, hata jina la mvinyo wa Kijerumani likachafuka. Mwaka 1985 ikazuka kashfa huko Austria: wauzaji waligunduliwa wakiutilia mvinyo dawa iitwayo diethilini glikoli ili uonekane mzito na mtamu, na baadhi ya chupa za Ujerumani zikakutwa nayo pia. Tangu hapo wanunuzi wengi wa nyumbani wakawa wakiona sukari wanakimbia. Mwana alisomea kazi hii katika hali hiyo, na kwake mvinyo wenye heshima ni mkavu. Shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina lake mwaka uliotangulia, na kwa miezi kadhaa baba hakuwa akionja kitu kilichotoka katika mapipa ya mwanawe. Siku hiyo alionja kwa ajili yetu wageni.

Mwana alimimina kwanza mvinyo wake mkavu. Mwenzetu wa Bukavu, mtu mkunjufu asiyeficha neno, akanywa, akafumba macho, akasema: "Aa, mzee, hii iko tamu! Iko tamu sana!" Nami, bila kufikiri, nikamgeukia mwana nikamwambia kwa Kijerumani kwamba mgeni anasema mvinyo huu una sukari nyingi mno.

Mzee alicheka hata akapiga meza. "Wageni kutoka Afrika wameionja sukari yako!" akasema. Mwana hakujibu. Alichukua gilasi yake, akanusa, akaonja, akaonja tena, kisha akainuka na chupa yake akatoka. Nilimwona kwa upenyo wa mlango akiwa ameiinua kwenye taa.

Nilitambua kosa langu wakati ule ule. Neno tamu katika Kiswahili halikuapishwa kuitumikia sukari peke yake. Mchuzi uliokolea chumvi ni mtamu, usingizi ni mtamu, hadithi ni tamu, na ugali wa njaa ni mtamu kuliko keki. Ndugu yetu wa Bukavu alisema kwamba mvinyo ule ni mzuri mdomoni, wala hakukusudia zaidi. Lakini aibu iliniziba mdomo. Nilijisemea kwamba nitarekebisha baadaye kidogo, na kila dakika iliyopita iliufanya ulimi wangu kuwa mzito zaidi. Wakalimani wenzangu wataielewa hali hiyo.

Mzee, akiwa amechangamka kwa ushindi ule, alileta chupa ndogo ya rangi ya kahawia, akaishika kama mtu ashikavyo yai. Kwenye karatasi yake palikuwa na neno refu: Trockenbeerenauslese. Macho yangu yalikomea kwenye silabi mbili za kwanza. Nikawatangazia wenzangu: "Huu sasa, waungwana, ndio mkavu kuliko yote." Wakajiandaa. Mwenzetu wa Uganda alikunja uso kabisa, kama mtoto anayesubiri kwinini.

Kilichotoka katika chupa hiyo kilikuwa kama asali. Walionja, wakanitazama. Kimya.

Kati yetu alikuwamo Maalim mmoja wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye kwa sababu ya dini yake alikuwa amepewa maji ya zabibu yaliyokamuliwa asubuhi hiyo, yasiyochacha bado. Ndiye aliyesema: "Mwalimu, mimi sinywi, lakini macho ninayo. Kitu kinachong'ang'ania ukuta wa gilasi namna hiyo, ukavu wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwuliza mzee, na mzee akastaajabu kwamba nauliza, kwa kuwa kwake jambo liko wazi kama mchana. Alimtuma mjukuu wake, akaleta kishada kilichonyauka, punje zimekunjamana, rangi ya kahawa, zimefunikwa na ukungu wa kijivu. Akaeleza kwamba katika vuli, asubuhi ukungu wa mto hupanda mashambani na mchana jua hukausha, na hapo huota kuvu iitwayo Botrytis. Kuvu hiyo hutoboa ngozi ya zabibu, maji hutoka kwa mvuke, na sukari na ukali hubaki vimejikusanya ndani ya punje iliyokauka. Wajerumani huuita uozo wa kiungwana. Punje hizo huchumwa moja moja kwa mkono, na kazi ya siku nzima huzaa kikapu kidogo. Sheria inataka maji yake yafike nyuzi 150 za kipimo cha Oechsle, yaani lita moja ya maji hayo iizidi lita ya maji ya kawaida kwa gramu 150 za uzito. Chachu yenyewe hulemewa na sukari hiyo ikachoka mapema. Kwa hiyo katika neno lile refu, kilicho kikavu ni punje, si mvinyo.

Maalim aliichukua punje moja, akaigeuza kwenye kiganja. "Hii si zabib?" akasema. Kisha akatueleza jambo ambalo mimi, mwalimu wa Kiswahili wa miaka 20, sikupata kulifikiria. Kwa Kiarabu, zabibu mbichi huitwa inab. Zabib ni ile iliyokaushwa. Neno letu linatokana na hilo la pili. Jina la tunda kavu limekaa kwetu hata likalifunika na lile bichi, na leo inatubidi kusema zabibu kavu, jambo ambalo kwa sikio la Mwarabu ni sawa na kusema kavu iliyokauka. "Kwa hiyo," akamaliza Maalim, "huyu mzee ameandika kwenye chupa: mvinyo wa zabib zilizochaguliwa. Wewe ukatuambia mkavu."

Kicheko kilipokwisha, nilijua siwezi tena kuliacha lile la kwanza. Nilimwomba mjukuu amwite baba yake. Aliporudi nilimweleza mbele ya wote kwamba mgeni hakusema sukari; alisema mvinyo ni mzuri, na lugha yetu hutumia neno moja. Kosa ni langu. Mwana alinitazama kwa muda, akauliza: "Neno moja tu, kwa sukari na kwa kila kizuri?" Nikasema ndiyo. Mzee naye, aliyekuwa amenyang'anywa ushindi wake, akanung'unika kwamba hiyo ni lugha yenye akili.

Lakini hakukubali kushindwa kabisa. Alimtaka mwanawe ataje hesabu za mvinyo ule. Mwana akataja: gramu 7 za sukari katika lita, na ukali unaozidi gramu 8. Mzee akanigeukia, akaninyooshea kidole: "Unaona? Sukari imo." Na ilikuwamo kweli. Sheria yao inaruhusu mvinyo uitwe mkavu ukiwa na gramu 4 za sukari. Lakini ukali wake ukiwa mwingi, inaruhusu hadi gramu 9, mradi sukari isiuzidi ukali kwa zaidi ya gramu 2. Nililifikiria jambo hilo njia nzima tuliporudi Mainz. Watu waliozoea kupima kila kitu kwa mizani wamekiri katika sheria kwamba ulimi haupimi sukari peke yake, huipima dhidi ya ndugu yake. Mvinyo wa sukari wa mzee, ule wa Kabinett alioutoa baadaye, ulikuwa na sukari mara nyingi ya hiyo, na hata hivyo wenzangu walisema haukinaishi, ulikuwa ukisafisha kinywa kama maji ya kisima.

Huyo ndugu wa sukari tumwite nani kwa Kiswahili? Nimekuwa nikisema ukali, lakini ukali wa pilipili ni mwingine, na pombe kali ni nyingine tena. Uchachu haufai, kilichochacha kimeharibika, na kumwambia mkulima kwamba mvinyo wake ni mchachu ni kumtukana mchana. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi unaokunja ulimi, na nadhani unaufaa mvinyo mwekundu. Ni Maalim tena aliyetuokoa, yeye aliyeonja maji ya zabibu tu na kwa hiyo ulimi wake haukuwa umelewa. Alisema: "Ina utamu, lakini ndani yake mna ugwadu, kama embe linaloanza kuiva." Ugwadu! Neno la ukwaju na ndimu, neno la watoto wanaokula embe bichi kwa chumvi. Nililitafsiri kwa taadhima, na mzee alinitaka nilirudie mara mbili. Tangu siku hiyo nalifundisha mapema, pamoja na tamu na chungu, na ninashangaa kwa nini vitabu vingi vya wanaoanza huliacha.

Niongeze kwamba tulipoonjeshwa chupa ya miaka mingi, mwenzetu wa Bukavu alinong'ona kuwa inanukia mafuta ya taa. Safari hii nilitaka kunyamaza. Mzee aliona nyuso zetu, akanibana, nikamwambia. Alifurahi mno: harufu hiyo ni alama inayojulikana ya Riesling iliyozeeka, na zabibu zilizopigwa na jua sana huwa nayo zaidi.

Tumeandikiana barua tangu wakati huo, mimi na mwana. Mzee hutengeneza pia mvinyo wa barafu, ambao zabibu zake huachwa mtini hadi usiku mmoja wa baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, zikavunwa na kukamuliwa zikiwa zimeganda, maji yakabaki barafu na sukari ikatoka. Katika majira ya baridi ya 2019 hadi 2020 usiku huo haukuja. Ulikuwa mwaka wa kwanza ambao hakuna eneo hata moja la Ujerumani lililopata mvinyo wa barafu. Mwana aliniandikia mwezi Machi kwamba baba yake alikuwa akiamka saa nane za usiku, tangu Desemba, kwenda kutazama kipimajoto shambani, hata zabibu zote zikaliwa na nguruwe pori. Siku walipokata tamaa, mzee alifungua chupa ya mvinyo huo ya miaka ya nyuma, na kwa mara ya kwanza akafungua na ile kavu ya mwanawe, akaziweka pamoja mezani. Mwana alitaka kuandika neno letu kwenye daftari la pishi, kando ya hesabu za mvinyo wake, akaniuliza kama tamu huandikwa kwa m moja au mbili.

Nilimjibu kwamba ni moja.